NENO "MASIHI" KATIKA DINI TATU

Naomba nafasi nieleze neno moja lililoniletea aibu, na faida niliyoipata baadaye.

Katika muhula uliopita palitokea jambo bwenini mwetu, nami ndiye niliyelianzisha. Ilikuwa usiku wa Jumapili ya Matawi. Tulikuwa tumerudi kanisani na matawi yetu, tukayachomeka juu ya vitanda. Rafiki yangu mmoja Mwislamu, ambaye kitanda chake kimekuwa karibu na changu tangu kidato cha kwanza, akaniuliza, "Leo mmemwimbia nani?" Nikamjibu, "Masihi." Akasema, "Huyo hata sisi twamjua. Twamwita Masihi Isa, naye atarudi." Badala ya kumwuliza maana yake, nalicheka, nikasema mbele ya wenzetu wote ya kwamba Waislamu wameliiba neno hilo kwetu. Yeye hakupiga kelele. Alinitazama tu, akasema, "Basi mjomba wako naye ni mwizi?" Kwani ajua ya kuwa mama yangu alizaliwa katika nyumba ya Waislamu, na ndugu yake afundisha watoto Kurani mpaka leo. Bweni zima likanyamaza. Tangu usiku ule hatukula sahani moja mpaka shule ikafungwa.

Likizo ilipofika, maneno yale yalikuwa bado yanichoma. Nikakata shauri kuuliza. Kwetu ni upande wa Mbale, na sisi wa huko tuna bahati, kwa kuwa dini zote tatu zinazolitumia neno hili zina watu wake karibu nasi. Padri wa parokia yuko; mjomba yuko; na juu ya kilima cha Nabugoye wako Abayudaya, yaani wananchi wenzetu wafuatao dini ya Kiyahudi. Wazee wao waliianza njia hiyo mwaka 1919 pamoja na Semei Kakungulu, yule jemadari aliyetawala sehemu za mashariki ya Uganda, ambaye kwa kuisoma Biblia mwenyewe alitahiriwa pamoja na wanawe, akajiita Myahudi. Nalikwenda kwa wote watatu, kisha nikasoma vitabu vya maktaba yetu. Siandiki ili kusema dini ipi ni ya kweli. Mimi ni Mkristo, na imani yangu naijua. Naandika ili tujue kila mmoja asemapo "Masihi" ana maana gani, maana nimeona ya kuwa ugomvi wetu ulitoka katika kudhani kwamba neno likiwa moja, na jambo ni moja.

ASILI YA NENO

Neno hili asili yake ni Kiebrania, mashiakh, na maana yake ni mtu aliyepakwa mafuta. Wayunani walilifasiri kwa lugha yao wakasema Khristos, ndilo neno tunalolitamka Kristo. Waarabu husema al-Masih. Basi Kristo na Masihi si majina mawili, bali ni neno moja katika lugha mbili. Asemaye Yesu Kristo asema Yesu Masihi, na wanaoandika Masiya waandika lile lile. Hata mafuta ya krisma, ambayo sisi tuliopata Kipaimara tulipakwa katika paji la uso, jina lake ni ndugu wa jina Kristo. Nalipakwa mafuta hayo nisijue ya kuwa nimepakwa neno hili lenyewe.

Kwa nini mafuta? Zamani za Waisraeli, mtu aliyechaguliwa kuwa mfalme alimiminiwa mafuta ya mzeituni kichwani. Nabii Samweli alimpaka Sauli, na baadaye Daudi. Kuhani Sadoki alimpaka Sulemani. Makuhani nao walipakwa, tangu Haruni. Na Eliya aliagizwa ampake Elisha awe nabii mahali pake. Mafuta yalikuwa alama ya kwamba Mungu amemtenga mtu huyu kwa kazi yake.

Kwa hiyo hapo mwanzo masihi hakuwa mmoja. Mfalme aliyepakwa mafuta aliitwa masihi wa Bwana, hata akiwa mwenye makosa. Ndiyo sababu Daudi, alipomkuta Sauli ndani ya pango, yule Sauli aliyekuwa akimwinda amwue, hakumdhuru. Alikata upindo wa vazi lake tu, na hata hilo likamwuma moyoni, kwa kuwa Sauli alikuwa amepakwa mafuta. Na la ajabu zaidi ni hili: katika sura ya 45 ya kitabu cha Isaya, anayeitwa masihi ni Koreshi, mfalme wa Uajemi, mtu asiyekuwa hata Mwisraeli. Aliitwa hivyo kwa sababu aliuteka mji wa Babeli mwaka 539 kabla ya Kristo, akawapa Wayahudi ruhusa ya kurudi kwao kutoka uhamishoni. Tukumbuke basi ya kuwa neno hili, tangu zamani sana, lilikuwa jina la kazi.

WAYAHUDI: WAULIZAO KAZI

Ilikuwaje neno la wengi likawa la mmoja? Sababu yake ni msiba. Katika Kitabu cha Pili cha Samweli twasoma ya kuwa Mungu alimwahidi Daudi kiti cha enzi cha ukoo wake kitadumu. Lakini mwaka 586 kabla ya Kristo majeshi ya Babeli yaliubomoa Yerusalemu, Hekalu likachomwa moto, na mfalme wa ukoo wa Daudi akapofushwa macho na kufungwa minyororo. Watu waliporudi kutoka Babeli walijenga Hekalu tena, lakini kiti cha Daudi kilibaki kitupu. Waajemi waliwatawala, wakaja Wayunani, kisha Warumi. Ndipo watu walipoyashika kwa nguvu maneno ya manabii juu ya chipukizi litakalotoka katika shina la Yese, baba yake Daudi: mfalme wa haki, ambaye siku zake mbwa mwitu atakaa na mwana-kondoo, na mataifa hayatajifunza vita tena.

Tena tusidhani ya kuwa wote walitazamia jambo moja. Hati za kale zilizoanza kuonekana mwaka 1947 katika mapango ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, zataja masihi wawili, mmoja wa ukoo wa Haruni, yaani kuhani, na mmoja wa Israeli, yaani mfalme.

Mwaka 70 baada ya Kristo Warumi walilibomoa Hekalu la pili. Miaka sitini na miwili baadaye, mwaka 132, mtu mmoja jina lake Simoni aliwaongoza Wayahudi katika vita juu ya Warumi. Rabi Akiva, mwalimu mkubwa kuliko wengi wa wakati ule, alimkubali kuwa ndiye Masihi, naye akaitwa Bar Kokhba, maana yake Mwana wa Nyota. Alishinda kwa muda, akapiga hata fedha zake mwenyewe. Lakini mwaka 135 aliuawa huko Betar, watu wengi mno wakafa pamoja naye, na Kaisari Hadrian akawapiga marufuku Wayahudi wasikanyage Yerusalemu. Baada ya hayo wengine walimgeuza jina, wakamwita Mwana wa Uongo.

Yule aliyeyapanga mafundisho haya vizuri ni Musa bin Maimon, mganga na mwanachuoni aliyezaliwa Cordoba katika Hispania akafa Misri mwaka 1204. Yeye asema kumwamini Masihi atakayekuja ni mojawapo ya nguzo 13 za imani ya Kiyahudi, hata akikawia. Huyo ni mwanadamu, mfalme wa ukoo wa Daudi. Si lazima afanye miujiza. Atawakusanya waliotawanyika, atalijenga Hekalu, atawarudisha watu katika sheria ya Mungu, na dunia itakuwa na amani. Akitokea mtu akaanza kazi hizo na asizimalize, au akauawa, basi siye aliyeahidiwa. Baadhi ya Wayahudi wa siku hizi hawatazamii tena mtu mmoja, bali zama za amani ambazo wanadamu wote wazisaidie kuja.

Mzee mmoja wa Abayudaya, mtu aliyesali kwa siri katika siku za Idi Amin dini yao ilipokatazwa, alinikaribisha chini ya mwembe. Nikamwuliza kwa adabu, "Mzee, kwa nini ninyi hamkumpokea Yesu kuwa Masihi?" Hakukasirika. Akasema, "Mjukuu wangu, sisi hatuanzi kwa kuuliza jina. Twauliza kazi. Unasikiliza redio? Je, vita vimekwisha?" Nikanyamaza. Kisha akanieleza ya kuwa usiku wa Pasaka yao hujaza kikombe kimoja zaidi kwa ajili ya nabii Eliya, atakayemtangulia Masihi, na mlango wa nyumba hufunguliwa. Kikombe hicho hakuna akinywaye. Hivyo ndivyo walivyongoja, vizazi kwa vizazi.

WAKRISTO: WASEMAO AMEKUJA

Sasa twaweza kuona vizuri jambo lililotokea zamani za Pontio Pilato. Watu waliokuwa wakimfuata Yesu wa Nazareti walikuwa Wayahudi, na neno Masihi kwao lilikuwa neno la mfalme. Walipolishwa mikate walitaka kumshika wamtawaze, naye akajitenga mlimani peke yake. Huko Kaisaria Filipi Petro alipokiri ya kuwa yeye ndiye Kristo, Yesu aliwakataza wasimwambie mtu, akaanza mara ile kuwafundisha ya kuwa hana budi kuteswa na kuuawa. Petro hakuweza kulipokea neno hilo, akamkemea, naye akakemewa vikali. Padri wetu aliniambia, "Tazama, Petro alikuwa amelipata neno, lakini maana yake alikuwa hajaipata. Ndivyo tulivyo wengi."

Kifo cha msalaba kilikuwa adhabu ya Warumi kwa watumwa na waasi, na kosa lililoandikwa juu ya kichwa cha Yesu, kwa lugha tatu, lilikuwa kujifanya mfalme wa Wayahudi. Kwa kipimo cha watu wengi wa siku zile, mambo yalikuwa yamekwisha: masihi aliyeuawa si masihi. Hapa ndipo njia zilipoachana. Wanafunzi wake walishuhudia ya kuwa amefufuka, nao wakarudi kuyasoma maandiko yale yale kwa macho mengine. Wakaona katika sura ya 53 ya Isaya yule mtumishi wa Mungu apigwaye kwa makosa ya wengine, wakasema: huyu ndiye, na kuteswa kwake ndiko kutawazwa kwake. Wayahudi husoma sura hiyo hiyo, na wengi wao husema mtumishi yule ni taifa la Israeli lenyewe.

Basi Mkristo asemapo Masihi, ana maana zaidi ya mfalme wa ukoo wa Daudi. Asema ni Mwana wa Mungu aliyefanyika mtu, kama Mtaguso wa Nisea ulivyotamka katika mwaka 325. Asema amekuja kuokoa watu na dhambi kwanza kabla ya kuwaokoa na wafalme. Asema pia ya kuwa yeye peke yake ana kazi zote tatu za wale waliopakwa mafuta zamani: kuhani, nabii na mfalme. Kule Antiokia wafuasi wake waliitwa kwa mara ya kwanza Wakristo, maana yake watu wa Masihi.

Na swali la yule mzee juu ya vita, je? Nalimpelekea padri swali hilo kama nilivyolipokea. Hakulidharau. Akasema, "Swali lake ni la haki, na kila Mkristo yampasa liwe likimsumbua. Jibu letu ni kwamba Masihi ana majio mawili. Mara ya kwanza alikuja katika unyonge. Mara ya pili atakuja katika utukufu kuwahukumu wazima na wafu, na ndipo amani ile itakapotimia." Basi nikaona ya kuwa sisi nasi, ingawa twasema amekuja, bado tu watu wa kungoja.

WAISLAMU: WASEMAO NI NABII, NAYE ATASHUKA

Mjomba nalimkuta barazani, watoto wamekwisha kwenda zao. Nalimwambia yote yaliyotokea bwenini, hata neno langu la wizi. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, kama sisi ni wezi, basi nanyi mliwaibia nani?" Hapo ndipo nilipofahamu upumbavu wangu, kwani neno lenyewe tulilipokea kwa Wayahudi.

Kisha akanifundisha. Kurani yamtaja Isa kwa jina la al-Masih mara 11. Katika sura ya 3 malaika wamletea Mariamu habari njema ya mtoto ambaye jina lake litakuwa Masihi, Isa mwana wa Mariamu, mwenye heshima duniani na akhera. Waislamu waamini ya kuwa alizaliwa na bikira bila baba, na ya kuwa kwa idhini ya Mwenyezi Mungu aliponya vipofu na wenye ukoma, akafufua wafu. Mambo hayo mimi nilikuwa siyajui, ingawa nimekula kwa mjomba tangu utoto wangu.

Lakini maana ya jina si ile ile. Kurani hailielezi jina hili, na wanazuoni wamelieleza kwa njia nyingi. Wengine husema ni kwa sababu alipakwa baraka. Wengine, kwa kuwa alimpangusa mgonjwa kwa mkono akapona. Na wengine, kwa kuwa alitembea sana katika nchi wala hakuwa na makao. Masihi hapa si mfalme wa kiti cha Daudi, wala si Mwana wa Mungu. Ni mtume mkubwa na mtumishi wa Mungu, na sura ya 4 yasema ya kuwa Masihi hataona haya kamwe kuwa mtumishi wa Mungu. Sura hiyo yasema pia ya kuwa hawakumwua wala hawakumsulubu, bali walifananishiwa tu, na Mungu alimpaisha kwake.

Kwa hadithi za Mtume, Isa atashuka karibu na mwisho wa dunia. Hadithi moja katika mkusanyo wa Imamu Muslim yasema atashuka kwenye mnara mweupe upande wa mashariki wa Dameski, naye atamwua Dajali penye lango la Ludd, mji ulioko Palestina ya kale. Huyo Dajali, mdanganyifu mwenye chongo, naye huitwa Masihi, yaani Masihi Dajali, kwa kuwa jicho lake moja limefutika. Baadaye Isa atatawala kwa haki, kisha atakufa kama wanadamu wengine, na Waislamu watamsalia.

Nalimwuliza mjomba kama ni kweli imesemwa ya kuwa Isa atavunja msalaba. Hakunificha. Akasema ndivyo hadithi isemavyo, na wanazuoni waeleza ya kuwa atakanusha kuabudiwa kwake. Nalisikia uchungu, nami nalimwambia. Naye akasema, "Nami nasikia uchungu nikisikia mwenye heshima kama yule alitundikwa mtini na watu waovu. Uchungu wako naujua." Tukanywa chai.

Jambo jingine la kujua ni kwamba Waislamu wamngoja pia Mahdi, mtu wa ukoo wa Mtume Muhammad atakayeijaza dunia haki. Huyo siye Isa, nao watakuwa pamoja. Kwa Washia wa Ithnaasheri, ambao wako hata Kampala na Mombasa, Mahdi ni imamu wa kumi na mbili, aliyetoweka machoni pa watu mwaka 874, naye yu hai mpaka leo katika ghaibu. Kwa Wasuni wengi bado hajatokea. Na wafuasi wa Mirza Ghulam Ahmad wa Qadian, aliyefariki mwaka 1908, waliamini ya kuwa yeye ndiye Masihi aliyeahidiwa na Mahdi pia. Waislamu wengine wakalikataa jambo hilo. Hao Waahmadiya ndio waliotoa tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili huko Nairobi mwaka 1953.

HATARI YA KUNGOJA

Labda msomaji atauliza: ya nini kuyajua yote haya? Jibu langu ni kwamba neno hili lina nguvu. Liliposhikwa vibaya, watu walikufa.

Nimekwisha kumtaja Bar Kokhba. Mwaka 1665 Myahudi mmoja wa Smyrna, jina lake Shabbetai Zvi, alitangazwa kuwa Masihi, na Wayahudi wa nchi nyingi wakauza mali zao ili wawe tayari kwa safari. Mwaka uliofuata alifikishwa mbele ya Sultani wa Waturuki, akachagua kusilimu kuliko kufa. Waliouza nyumba zao wakabaki hivyo. Katika mwaka 1881 Muhammad Ahmad wa Sudani alijitangaza kuwa Mahdi. Watu wake, waliokuwa wamechoshwa na kodi na dhuluma, wakamfuata kwa maelfu, na Januari 1885 wakauteka mji wa Khartoum. Yeye alikufa kwa maradhi mwezi wa Juni mwaka ule ule. Vita vyake ndivyo vilivyowatenga askari wa Emin Pasha huko kusini, ambao baadhi yao waliletwa Uganda na Lugard mwaka 1891. Na wajukuu wao ndio Wanubi tunaosoma nao. Kumbe neno hili limefika hata katika orodha ya majina ya darasa letu.

Tusiseme hayo ni ya kale. Katika nchi yetu, huko Kanungu, viongozi wa kikundi kimoja waliwafundisha watu ya kuwa dunia itakwisha mwaka 1999 ukiisha. Haikuisha. Tarehe 17 Machi 2000 mamia ya wafuasi waliteketea katika jumba lao la sala. Na katika mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge kula ili wakutane na Yesu. Hao wote hawakukosa imani. Walikosa swali la yule mzee wa Nabugoye: kazi yako ni ipi, nasi twaionaje?

Na hapa ndipo nilipoona dini hizi tatu, ambazo hazipatani juu ya mtu, zapatana juu ya namna ya kumngoja. Walimu wa Talmudi waliwalaani wale wanaopiga hesabu ya siku ya mwisho. Yesu alisema siku ile na saa ile hakuna aijuaye ila Baba. Kurani yasema ujuzi wa Saa ile uko kwa Mungu peke yake. Basi ajaye kwako na tarehe mkononi, awe wa dini yo yote, amekwisha kuivunja dini yake mwenyewe.

Tena liko jambo lililonifurahisha kuliko yote. Rabi Yohanan ben Zakkai, aliyeishi wakati Hekalu la pili lilipobomolewa, alifundisha ya kuwa kama una mche mkononi, na watu wakakuambia Masihi amefika, upande mche kwanza, ndipo uende kumlaki. Nalimsimulia mjomba, naye akashangaa, akaniambia ya kuwa Mtume Muhammad alisema jambo la namna hiyo: Kiyama kikija na mmoja wenu ana mche mkononi, kama aweza kuupanda kabla hakijasimama, na aupande. Nami nikakumbuka ya kuwa Paulo mtume aliwakemea Wathesalonike walioacha kazi zao, akawaambia asiyetaka kufanya kazi asile. Mmoja alisema kwa Wayahudi, mmoja kwa Waarabu, mmoja kwa Wayunani, na yote ni shauri moja: amngojaye Mungu asiache jembe.

Basi, kwa kumaliza, twaweza kusema hivi. Wayahudi na Wakristo waitazamia kazi ile ile, yaani amani ya dunia, lakini hawapatani kama mwenye kazi amekwisha kuja. Wakristo na Waislamu wamngoja mtu yule yule, lakini hawapatani kuwa ni nani. Tofauti hizo si ndogo, wala haifai kuzifunika kwa maneno matamu. Lakini mtu aliyezijua hawezi tena kumwita mwenzake mwizi.

Muhula ulipofunguliwa nalimtafuta rafiki yangu kabla sijaweka sanduku langu chini, nikamwomba radhi. Lakini kwa kuwa nalimtukana mbele ya watu, si haki nimwombe radhi faraghani tu. Kwa hiyo namwomba hapa tena, mbele ya wasomaji wote. Tumerudi kula sahani moja, nasi tu zamu moja katika shamba la shule, ambako, kama mwalimu wa kilimo awezavyo kushuhudia, miche bado ni mingi.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita